Naomba ushauri: filamu ya kutisha ya mwendo wa polepole, nyumba moja Kisumu

mwanzilishi: Wadau, tunaandaa filamu ya dakika 18, nyumba moja Milimani. Mama aliyefiwa na mwanawe anajifungia ndani na mganga ili aisikie tena sauti ya mtoto. Damu na mayowe hatutaki. Shida: katikati inalegea, picha za mshumaa zina chenga, na taa ya korido inaacha mistari inayotembea.

kamera_ya_ziwani: Mistari ni ya hiyo balbu ya LED. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hivyo piga fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Chenga ni za ISO kubwa (wepesi wa kamera kuhisi mwanga): tafuta lenzi inayofunguka sana, f/1.8, ISO isipite 1600, kisha ongeza mishumaa sita nje ya fremu, upande mmoja wa uso. Mizani ya rangi kwenye kamera iwe 3200K (kelvini). Ukiiachia kamera ijipangie, mwali utakuwa mweupe. Kateni mishumaa mapema kwa urefu tofauti, kila sini (onyesho) na wake, la sivyo mkihariri itarefuka badala ya kuisha. Ndoo ya mchanga isikose.

sauti_kwanza: Zimeni friji, na funguo za gari ziwekwe ndani yake ili asisahau mtu kuiwasha mkiondoka. Mabati na mvua ya jioni haviendi na minong'ono. Rekodini mazungumzo asubuhi. Kila chumba, rekodini kimya chake dakika nzima. Kisha mkihariri, ondoeni sauti moja kila hatua: boda kwanza, halafu nyenje, mpaka ibaki pumzi ya mama.

nyar_nam: Kulegea kunatokana na mama kutoa kafara zisizo na bei. Mganga aseme masharti mapema, na kila usiku bei ipande: kwanza nywele za mama, halafu sare ya shule ya mtoto, mwisho asilitaje jina la mtoto tena. Hapo huzuni ndiyo inayotisha. Duara la chumvi la mganga, upana mita moja na nusu, linakula kama kilo moja. Lichoreni kwanza kwa chaki, maana chumvi hunyonya unyevu wa ziwa na mtaimwaga upya. Na tafadhali, tero buru, desturi ya matanga ya Waluo, msiiguse. Ile ni ya hadharani, ng'ombe na nyimbo, kifo kinafukuzwa. Kuigeuza uchawi ni kuwakosea wafiwa.

mwanzilishi: Asante sana, dada. Na sauti ya mtoto, iingie lini?

nyar_nam: Baada ya dakika ya 15. Asimwite mama. Asome tu kitabu cha darasa la pili, akikwama pale pale alipozoea kukwama.