Naomba ushauri: chumba cha mdogo wangu Dar, Sinza au Mbezi?

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko Mwanga, Kigoma, nauza dagaa na mawese. Mdogo wangu wa kike kapata kazi duka la nguo pale Mlimani City, anaanza mwezi ujao, na chumba natafuta mimi. Dar nimefika mara mbili tu, zote niliishia Kariakoo kufuata vitenge.

Duka liko Barabara ya Sam Nujoma, katikati ya Mwenge na Ubungo. Sinza ni jirani, hata kwa miguu anafika, ila dalali anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na ya kwake juu. Binamu yetu anasema aende Mbezi, kodi nafuu. Sawa, lakini akitoka kazini usiku? Foleni ya Barabara ya Morogoro hata sisi wa huku tunaisikia! Mabasi ya mwendokasi ya Kimara nayo hayapiti Sam Nujoma, itabidi ashuke Ubungo adandie daladala.

Wenyeji, Sinza ipi inamfaa binti anayeishi peke yake: Mori, Kijiweni au Makaburini? Na Mlalakuwa je? Halafu huyo dalali anataka nimtumie hela kabla mdogo wangu hajakiona chumba. Moyo unasita.