Nimekatwa alama kwa kuandika programu SAHIHI. Idara za kompyuta zinatufundisha nini?

Wakuu, nina hasira na sitazificha.

Pepa langu la programu liko hapa mezani. Swali la tatu lilitaka tuandike kwa mkono programu ya lugha ya C++ ya kupanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa. Alama 20, nimepewa 11. Mantiki yote imewekewa vema. Ila mstari wa kwanza niliandika #include <iostream>, umezungushiwa kalamu nyekundu, na pembeni kuna swali: "iko wapi .h?" Chini yake int main() imekatwa, juu yake mhadhiri ameniandikia void main().

Kwa wasiojua: C++ ilipowekewa kiwango rasmi cha kimataifa mwaka 1998, ile .h haikuwemo tena, na main inatakiwa irudishe int. Nilichoandika mimi kinapita kwenye kompaila yoyote ya leo, yaani ile programu inayogeuza unachoandika kiwe kitu kompyuta inaweza kukiendesha. Alichonisahihishia yeye ndicho kinachogoma! Weka iostream.h kwenye kompaila ya GCC ya sasa uone, inakwambia faili halipo na inaishia hapo hapo.

Chanzo ni maabara yetu. Bado tunatumia Turbo C++, kompaila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliyotengenezwa kwa ajili ya DOS, mfumo endeshi wa zamani. Ile skrini ya bluu. Kwenye kompyuta mpya haifunguki mpaka uweke programu nyingine ya kuiigiza DOS, halafu watu wanne mnabanana kwenye kiti kimoja mkisubiri zamu. Na mtu asije hapa na hadithi ya bajeti. GCC ni ya bure tangu 1987. BURE.

Nilimfuata mhadhiri ofisini. Nilikwenda kwa adabu, laptop mkononi, nikamwomba dakika mbili tu nimwonyeshe programu ikifanya kazi. Skrini hakuitazama. Aliniuliza, "Kwenye noti zangu imeandikwaje?" Nikamjibu. Akasema, "Basi," akarudi kwenye kazi zake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtu huyu si mbumbumbu. Ana makala kadhaa za ujifunzaji wa mashine zimechapishwa na nimezisoma, kazi nzuri kabisa. Huwezi kufanya kazi ile kwa Turbo C++, kwa hiyo akiwa kwenye utafiti wake anatumia zana za leo kama watu wote. Akiingia darasani anafungua noti zilezile alizowasomea kaka zetu. Kupanda cheo kunahesabu machapisho. Noti zake nani anazihesabu? Sipingi utafiti hata kidogo, bila utafiti chuo kinabaki shule ya kukariri. Lakini utafiti wake haujawahi kuvuka kizingiti cha darasa letu, hata siku moja.

Mradi wa mwaka wa mwisho ndiyo usiseme. Msimamizi nilimwona mara mbili: siku ya kupitisha kichwa cha mradi na siku ya kusaini. Leo anataka tuandike makala kutokana na ule mradi na jina lake litangulie. Git, zana ya kutunza na kushirikiana kodi ambayo ipo tangu 2005, sijaisikia ikitajwa darasani kwa miaka mitatu. Niliijua nilipokwenda fildi, nikaaibika mbele ya watu kwa kutuma kazi kwenye flashi.

Nataka vitu viwili. Pepa lisahihishwe upya na mtu mwingine, na kompaila ya kisasa iwekwe maabara kabla wadogo zetu hawajaanza semista. Kuna wenzangu wamepigwa sapu kwenye somo hili kwa kosa hilihilo, wanatafuta hela za kurudia mtihani ambao hawakuufeli.

Jumatatu naonana na mkuu wa idara. Nimechapa matokeo ya programu zote mbili, yangu na ile ya noti, pamoja na ujumbe wa kosa unaotoka ya noti ikigoma. Aliyewahi kukata rufaa ya namna hii akashinda, naomba aniambie aliambatanisha nini na barua aliianzia kwa nani. Mwisho wa kupokea rufaa ni Ijumaa.