Acheni kuwauzia wanaoanza 4x4 zilizopambwa juu na kuoza chini

Wakuu, nina hasira na sitaki kuipunguza makali.

Mtu anayetafuta 4x4 yake ya kwanza, iliyokwisha kutumika, kwa ajili ya tope, mchanga na mawe, anabanwa pande mbili. Huku yupo muuzaji aliyelipamba gari juu mpaka linang'aa. Kule wapo washauri ambao ukiwauliza swali linalohitaji maelezo ya nusu saa wanakujibu kwa neno moja tu, jina la gari wanaloendesha wao. Hakuna anayemwambia ainame aangalie uvunguni, na pesa yote itakwenda kuishia huko huko uvunguni.

Majuzi nilimsindikiza dogo mmoja ninayefanya naye kazi kwenda kukagua pikapu ya dizeli. Tangazo lilisema "ipo tayari kwa porini". Kwa macho kweli ilivutia: imeinuliwa, matairi ya tope, bampa la chuma, winchi mbele (mashine ya kuvutia gari kwa kamba), taa juu ya paa, snorkeli pembeni (bomba la kuvutia hewa juu). Injini imeoshwa mpaka unaweza kuigusa na shati jeupe. Dogo alishaanza kuuliza habari za kadi ya gari.

Nikaingia chini. Chasisi yote imepakwa rangi nyeusi nzito, mpya, hata juu ya vichwa vya bolti na mabomba ya breki. Mtu anayezuia kutu kwa nia njema hapaki rangi juu ya mabomba ya breki. Nikachukua bisibisi nikaanza kugonga kwa mpini kutoka mbele kurudi nyuma. Mbele chuma kinalia vizuri. Nilipofika pale springi ya nyuma inaposhikwa na chasisi, sauti ikawa butu. Nikabonyeza kwa ncha, ganda la rangi likaachia na kutu ikamwagika usoni kwangu. Ndani yake kulikuwa na kipande cha bati kimechomelewa kuziba tundu. Hapo ndipo uzito wote wa mzigo unapokaa! Ukiruka bonde moja springi inapanda kwenye bodi.

Nikaomba tujaribu 4L, yaani gia nzito za kuvuta magurudumu yote manne. Lever haikusogea. Muuzaji akasema, "Bosi, hiyo inahitaji kuzoeshwa tu." Nikaomba tulegeze nati ya kujazia mafuta kwenye difu ya mbele (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili). Akagoma kwanza, baadaye akakubali. Mafuta yakatoka meupe kama maziwa, maana yake maji yameingia na yamekaa humo muda mrefu yakila beringi na meno. Na jibu lake ndilo lililonifanya niandike uzi huu: "Hii gari imeshapita kila mahali, haijawahi kushindwa." Alilitamka kama sifa.

Gari lililopita kila mahali ndilo gari lililochoka. Winchi na bampa ni ushahidi wa kazi lililofanya. Wapo wamiliki wanaoyatunza magari ya namna hiyo vizuri, nawaheshimu sana, na utawatambua haraka: wana kumbukumbu za sevisi, wanajua lini walibadilisha mafuta ya difu na transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), na watakuinulia gari kwenye jeki kabla hujaomba. Ila kwa anayeanza, na hapa sirudi nyuma, bora pikapu ya kawaida isiyoguswa, iliyotoka kwa mtu aliyeitumia barabarani, hata kama sura yake haivutii. Winchi utafunga siku yoyote ukitaka. Chasisi iliyooza huifungi upya.

Msidhani kutu ya chasisi ni tatizo la magari ya majina madogo. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi Marekani iliyohusu chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zikiliwa na kutu, na gharama ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Kama kampuni ile ilifikishwa hapo na kutu, wewe unayenunua gari lililopita mikono ya watu wengi unawezaje kuambiwa "hizi haziozi"? Gari lililoishi pwani au kwenye nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa baridi kali, ligonge chasisi inchi kwa inchi.

Sasa hii tabia ya kumwambia kila anayeanza "inua kwanza". Nani aliwaambia? Ukiinua pikapu yenye sasipensheni huru mbele, shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali kuliko zilivyotengenezewa, buti za mpira zinachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na jointi zinaanza kulia ukikata kona. Ukiinua yenye ekseli nzima mbele, pembe ya kasta (mlalo wa mhimili wa usukani) inabadilika, na usiporekebisha usukani unaanza kutangatanga kwa mwendo. Propela (shafti ndefu ya chini) nayo inapata pembe mbaya, inatetema. Juu ya hapo mtu anafunga matairi makubwa bila kubadilisha uwiano wa difu, kwa hiyo gari linakuwa zito kuondoka, klachi inaungua, breki zinachelewa na spidomita inadanganya. Halafu gari hilo hilo linauzwa kwa bei ya juu kwa sababu "limeboreshwa". Kazi ya kuinua ikifanywa na fundi anayeijua, kwa vifaa kamili, ni jambo zuri. Lakini muuzaji asiyeweza kukutajia kilichobadilishwa zaidi ya springi na shokapu, ondoka.

Snorkeli vilevile. Kazi yake ni kuchukua hewa juu, mbali na maji na vumbi zito. Nimeona zilizopigwa riveti kwenye bodi na kuachwa bila kuunganishwa vizuri na boksi la filta. Anayeanza anaiona, anaingia mtoni kwa kujiamini, injini inavuta maji. Maji hayagandamiziki kama hewa, pistoni inapopanda inakutana nayo na koni rodi inapinda. Hiyo ni injini nzima. Fungua boneti, fuata bomba kwa mkono kutoka nje mpaka kwenye filta, kagua kila kiungo. Na hata ikiwa imefungwa sawasawa, difu na giaboksi zina vipumulio vyake. Kama havijapandishwa juu kwa mipira, kifaa kilichopata moto kikitumbukia kwenye maji baridi kinavuta maji ndani. Mafuta yale meupe yanaanzia mara nyingi hapo.

Nirudi kwa washauri wa neno moja. "Chukua Hilux." Hilux ipi? Zipo tangu 1968, na ya 4WD tangu 1979. Injini ya 1KD ya lita 3.0 ni nzuri, ila ina historia ya sili za nozeli kuvuja, masizi yanashuka kwenye mafuta ya injini na kuziba chujio la chini, injini inakosa mafuta na kufa. Asiyeambiwa hilo hatauliza kama sili zilibadilishwa. "Chukua Patrol." Yenye injini ya TD42 ya lita 4.2 au yenye ZD30 ya lita 3.0? ZD30 za mwanzo zilitoboka pistoni kiasi cha kupata jina baya dunia nzima. Gari jina moja, sura moja, na tofauti yake ni injini kuishi au kufa. "Chukua Land Cruiser yenye injini ya 1HZ." Sawa, lita 4.2, silinda sita, haina tabo, pampu yake haitegemei kompyuta, injini ngumu kweli. Ina mkanda wa taimingi. Umbali umerudishwa nyuma kwenye dashibodi, stika ya kuonyesha mkanda ulibadilishwa lini hakuna, na nyie mnamwambia mtu "hizo hazifi". Mkanda ukikatika utajua kama hazifi.

Na mnavyoicheka Suzuki Jimny inaniudhi mno. Zile za 1998 mpaka 2018 zina chasisi ya ngazi, ekseli nzima mbele na nyuma, gia nzito za 4L, na uzito wa tani moja na kidogo tu. Kwenye tope laini wepesi huo unashinda nguvu za farasi za mapikapu mengi, na likinasa watu wachache wanalitoa. Ubaya wake upo: ni dogo, halibebi mzigo wa maana, na bushi na beringi za mbele zikichoka usukani unatikisika vibaya sana. Ila kwa mtu mmoja au wawili wanaojifunza, sijui kwa nini linatajwa kwa kejeli.

Upande mwingine wapo wanaosema gari lolote lenye alama ya AWD (magurudumu yote manne yanavuta) linatosha. Halitoshi. Muulize muuzaji kama lipo 4L, yaani transfa yenye gia nzito. Kwenye Hilux nyingi za zamani 4L inapunguza mwendo karibu mara 2.28, kwenye Jeep Wrangler Rubicon tangu 2003 ni mara 4 kamili. Maana yake unashuka mteremko wa mawe taratibu injini ikilishika gari bila kuchoma breki, na unapanda bila kuhitaji kwenda kasi. Bila hiyo unalazimika kupanda kwa kukimbia, na ukikimbia juu ya mawe ndipo unapovunja vitu.

Tena wengi hawaambiwi kwamba pikapu nyingi hazina difu ya katikati. Ukiweka 4H (magurudumu yote manne kwa gia za kawaida) kwenye lami kavu na kukata kona, magurudumu ya mbele na nyuma yanataka kwenda mwendo tofauti na hayana nafasi ya kutofautiana, kwa hiyo mvutano wote unabaki kwenye propela na transfa. Usilijaribu gari kwenye lami, tafuta changarawe au udongo. Na usiridhike na taa ya 4WD kuwaka. Kwenye zenye habu za mbele za kufunga kwa mkono (vifungo vya katikati ya gurudumu vinavyoliunganisha na shafti), taa inaweza kuwaka huku gurudumu la mbele halivuti chochote. Funga habu, weka 4L, mtu mmoja asimame nje atazame magurudumu ya mbele yakikwaruza udongo unapoondoka. Muuzaji anayesema hakuna muda wa hayo ana sababu yake.

Matairi nayo, haraka tu: ubavuni baada ya herufi DOT zipo tarakimu nne za mwisho, wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi lenye meno makubwa yasiyoisha na lililotengenezwa zamani ni gumu, lina nyufa, na litapasuka ukipunguza upepo kwenye mchanga.

Kuna jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko pesa. Mapikapu haya yanauzwa na mpira wa kuvutia trela nyuma, na anayeanza anaambiwa "ukikwama tunafunga kamba hapo tunakuvuta". Mpira wa trela haukutengenezwa kwa mshtuko wa kung'oa gari lililonasa. Ukikatika unaruka na kamba kama risasi, na watu wameshakufa kwa namna hiyo. Sehemu ya kuvutia ni ile iliyofungwa kwenye chasisi kwa bolti zinazostahili, mbele na nyuma. Ikague kabla ya kukagua redio. Nilipomwuliza yule muuzaji ndoano ya nyuma ipo wapi, alinionyesha tundu dogo la chuma ambalo kiwanda huweka kwa ajili ya kufungia gari lisisogee likiwa linasafirishwa melini. Alitaka kumuuzia kijana wa watu kitu hicho kama kifaa cha uokoaji!

Ninyi mnaouza, weka picha za chini: chasisi yote pande zote mbili, pale springi zinaposhikwa, difu zote mbili, transfa. Weka video ya 4L ikiingia na kutoka. Sema gari limeinuliwa kwa vifaa gani na nani aliyefunga. Kama limetumbukia maji, sema, bei itashuka lakini hutakuwa umemfukia mwenzako. Na ninyi mnaoshauri, mkitaja jina la gari tajeni injini, miaka na ugonjwa wake. Nawaomba waliofungua injini za 1KD, ZD30, 4JJ1 ya Isuzu na zile za Mitsubishi L200 waandike hapa chini walikuta nini ndani na gari lilikuwa limetembea kiasi gani, kwa sababu kuna watu wanasoma wakiwa na pesa mkononi na kesho asubuhi wanakwenda kulipia.