Siku ya Mazingira mtaani: ratiba ya kupanda mikoko na watu wote ndani

kamati_ya_mtaa: Wakuu, habari za kazi. Mtaa wetu uko pwani ya Tanga. Tunataka kuadhimisha Siku ya Mazingira Duniani, 5 Juni: watu kama 150, tuokote taka ufukweni, tupande mikoko, kisha tule pamoja. Ratiba ya awali: saa tatu mgeni rasmi na hotuba, saa nne na nusu kupanda. Miongoni mwetu wapo viziwi sita, wawili wanaotumia viti mwendo, asiyeona mmoja, mwenye ualbino mmoja, na wazee. Hatutaki wawe wa kukaa hemani na kupiga makofi. Tuanzie wapi?

mchu_na_mkoko: Anzeni na jedwali la maji kabla ya kadi za mwaliko. Pwani yetu, siku za bamvua (mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, na siku mbili zinazofuata) maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa saa kumi. Maji mafu (siku za nusu mwezi, bahari isipojaa wala kupwa sana) hugeuza kila kitu: saa nne hiyo hiyo bahari imejaa. 5 Juni haifuati mwezi, kwa hiyo ikiangukia maji mafu fanyeni usafi na chakula siku hiyo, upandaji usubiri bamvua lijalo.

Hotuba ziwe mwisho. Mgeni rasmi akichelewa saa moja tu mmepoteza dirisha lenu, na maji yanaporudi hupitia kwanza vijito vilivyo nyuma ya wapandaji. Ingieni topeni saa mbili na nusu, mtoke kabla ya saa tano.

Mbegu za mkoko zichukuliwe zile zinazoachia ukizigusa, shingo imeshapata umanjano. Yenye tundu la mdudu, tupa. Chomeka theluthi moja, ncha iliyochongoka chini. Watoto huzipindua, kwa hiyo waonyesheni moja kwanza. Nafasi mita 1 kwa mita 1. Jozi 40 zikipewa mbegu 10 kila moja ni mbegu 400, eneo la mita za mraba 400, inatosha. Mkizidi hapo mnakanyaga mlichopanda. Na msipande kwenye mchanga mtupu kwa sababu tu ni rahisi kufika na picha zinatoka vizuri. Mahali ambapo mikoko haikuwahi kuota, mawimbi huing'oa. TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) ndio wasimamizi wa mikoko, barua iwafikie mapema, wao wawaonyeshe eneo.

njia_na_alama: Jozi 40 ni watu 80. Hao 70 waliobaki ndio nafasi ya kupanga vizuri, maana si lazima kila mtu aingie topeni. Wekeni meza kivulini za kuchambua mbegu za mkoko na kujaza viriba (vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche) vya mchu, aina nyingine ya mikoko (mbegu za mchu zilowekwe siku moja ganda livuke). Ila iwe kazi ambayo jozi za topeni zinaisubiri, si ya kuwafurahisha watu. Meza sentimita 75, chini pawe wazi magoti yaingie. Yenye ubao mbele humlazimisha mwenye kiti mwendo kukaa ubavu.

Kwenye mchanga tandikeni plaiwudi ya milimita 18, upana sentimita 120, ncha kwa ncha, na kipande cha ubao chini ya kila kiungo. Zikipandana, magurudumu madogo ya mbele hukwama papo hapo. Jukwaa la sentimita 45 linahitaji rampu ya mita 5.4, kwa kipimo cha 1 kwa 12. Binafsi ningelifuta jukwaa, maikrofoni ikae chini.

Wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili, wapokezane kila dakika 20, wapewe ratiba na majina ya miti siku chache kabla. Mkalimani asipewe jua mgongoni, sura yake haitaonekana. Mmoja aende na jozi topeni.

kamati_ya_mtaa: Tumeelewa. Filimbi itatosha kuwatoa watu topeni?

njia_na_alama: Kiziwi haisikii, na bendera peke yake asiyeona haioni. Tumieni vyote viwili, filimbi tatu ndefu na bendera nyekundu juu ya mti mrefu, na asiyeona awe na jozi yake muda wote. Mwenye ualbino apewe zamu ya saa mbili na nusu, jua bado halijakali, na kofia pana iwepo.

sufuria_kubwa: Maji ya kunywa lita 2 kwa mtu, yaani madumu 15 ya lita 20, na ndoo za bomba zikae juu ya stuli ambayo mtu aliyekaa anaifikia. Kila mtu aje na kikombe. Mchele kilo 20. Kodini sahani, mkigawa vifungashio vya foamu, taka za jioni zitashinda za asubuhi. Juni ni msimu wa upepo wa kusi, mgongo wa hema uelekee kusini-mashariki na jiko likae upande wa chini wa upepo. Kwenye taka, glovu kwa kila mtu na dumu moja gumu lenye mfuniko kwa sindano na vioo, msivitie kwenye magunia.

mchu_na_mkoko: Na viriba vihesabiwe vikitoka na vikirudi. Ni plastiki navyo.