Ripoti ya mikopo ni ya bure, lakini kadi yangu inakatwa kila mwezi: naomba ushauri

Dada wa Umoja

Wanajukwaa, salaam. Sacco ninayoweka akiba hapa Nairobi ilinitaka niambatanishe ripoti yangu ya CRB, yaani kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, kwenye fomu ya mkopo wa maendeleo. Niliitafuta mtandaoni, na tovuti iliyojitokeza juu kabisa ilitangaza kwa herufi kubwa kwamba ripoti ni ya bure. Ilitaka jina, namba ya kitambulisho, picha ya kitambulisho chenyewe, kisha namba ya kadi ya benki, kwa maelezo kwamba ingekata dola moja ya kuhakikisha kuwa kadi ni yangu na kuirudisha. Dola hiyo haikurudi. Nilichopata ni ukurasa mmoja wenye alama za kijani na maelezo ya jumla yanayoweza kumhusu mtu yeyote, na afisa wa mikopo alipoutazama tu akaukataa.

Tangu hapo, kila mwezi, usiku wa manane, benki hunitumia ujumbe kwamba kadi yangu imelipa karibu dola 30 kwa kampuni ambayo jina lake limekatwa katikati: herufi kubwa tupu zikifuatwa na namba ya simu ya ng'ambo, na wala halifanani na jina la tovuti. Nimeufungua tena ule ukurasa na kuukuza kwenye simu. Chini ya kitufe cha kuendelea, kwa maandishi ya kijivu juu ya rangi nyeupe, imeandikwa kwamba baada ya siku 7 "uanachama" unaanza na kujirudia hadi mteja atakapoufuta. Barua pepe zangu za kuufuta hazijibiwi.

Naomba kujua nizuie vipi makato haya, kama fedha zilizokwisha kukatwa zinaweza kurudi, na kama nikizuia malipo kampuni hii inaweza kuniorodhesha CRB. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi, kwa kuwa mkopo wangu bado haujapitishwa.

Karani wa Mikopo

Dada, nianze na hilo la mwisho. Haiwezi. Wanaopeleka taarifa zako CRB ni wakopeshaji kama benki, taasisi za mikopo midogo na sacco, na taarifa hizo huhusu mikopo. Tovuti ya ng'ambo inayouza uanachama haikukukopesha chochote. Hata mkopeshaji halali anayetaka kupeleka taarifa mbaya kukuhusu anatakiwa akupe notisi ya siku 30 kwanza, na tangu kanuni za mwaka 2020 deni lililo chini ya shilingi 1,000 halipelekwi kabisa. Ukipata barua pepe ya vitisho kutoka kwa watu hao, ihifadhi kama ushahidi, wala usiilipie.

Kuhusu ripoti yenyewe, Benki Kuu ya Kenya imetoa leseni kwa kampuni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kanuni hizo za 2020 zinakupa haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka, na pia unaponyimwa mkopo kwa sababu ya kilichoandikwa ndani yake, mradi uiombe ndani ya siku 30. Cheti cha kuthibitisha kwamba huna deni sugu ni kitu kingine, na watu wengi huvichanganya. Cheti cha kwanza hutolewa bure, vya baadaye hulipiwa. Kwa hiyo muulize afisa wako ni kipi hasa anachokitaka kabla hujahangaika tena. Muulize pia kama sacco haiwezi kuichukua ripoti moja kwa moja kwa idhini yako, maana nyingi hufanya hivyo na mwanachama hasumbuki.

Jambo moja la kuangalia unapotafuta: TransUnion ina makao makuu Chicago, na mtu akiandika jina hilo kwenye simu akiwa Nairobi anaweza kuletewa kurasa za Marekani pamoja na matangazo ya kampuni nyingine zinazolipia kuonekana juu. Hakikisha uko kwenye ukurasa wa Kenya. Ripoti ya bure ya mwaka haihitaji kadi ya benki, kwa sababu hakuna cha kulipa. Kinachohitajika ni kukutambua wewe tu.

Kijana wa Kayole

Agiza kadi mpya benki, ya zamani ife, na habari yao iishe hapo.

Mstaafu wa Kaunta

Ushauri wa kijana ni mzuri, ila ni nusu ya kazi. Nimefanya kazi kwenye kitengo cha kadi, na nimeona mteja anabadilisha kadi halafu makato yanamfuata kwenye kadi mpya. Visa na Mastercard zina huduma ambayo, ikiwa benki imejiunga nayo, humfikishia muuzaji namba mpya ya kadi ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Huduma hiyo iliwekwa kwa nia njema, lakini hawa nao hunufaika nayo. Kwa hiyo ukienda benki usiseme tu kwamba unataka kadi mpya. Sema, kwa maandishi, kwamba umefuta idhini uliyompa muuzaji huyu na unataka malipo yake yote yajayo yazuiwe.

Kisha ujaze fomu ya kupinga miamala. Watu huogopa neno hilo wakidhani ni kesi, kumbe ni utaratibu wa kawaida ambao benki yako huitumia benki ya muuzaji madai ya kurudishiwa fedha. Usichelewe, kwa sababu muda unaoruhusiwa kwa kawaida ni siku 120 tangu tarehe ya muamala, na kila muamala huhesabiwa peke yake: ule wa zamani ukipitwa na wakati, wa karibuni bado unadaiwa. Kama kadi yako ni ya Visa, una hoja nzito zaidi. Tangu Aprili 2020, Visa inamtaka muuzaji anayeanza na kipindi cha majaribio apate idhini ya wazi ya mteja, amkumbushe angalau siku 7 kabla ya makato ya kwanza, na aweke njia rahisi ya kujitoa mtandaoni. Kama hukukumbushwa, liandike hilo kwenye fomu.

Ambatanisha picha ya skrini ya yale maandishi ya kijivu, barua pepe zako ambazo hazikujibiwa, na taarifa ya akaunti yenye lile jina lililokatwa katikati. Kwa maoni yangu picha hiyo ndiyo itakayofanya kazi kubwa. Ipige leo, kwa kuwa kurasa kama hizi hubadilishwa mara tu malalamiko yanapoanza. Na usikubali karani akikuambia kwamba uliiweka namba ya kadi kwa hiari yako na kwa hiyo hakuna la kufanya. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Benki isipolishughulikia, lipeleke Benki Kuu pamoja na namba hiyo.

Aliyerudi Kutoka Dallas

Mchezo huu una historia ndefu Marekani. Sheria ya mwaka 2003 iliwapa Wamarekani haki ya ripoti ya bure kila mwaka kutoka kampuni za kumbukumbu za mikopo za kule, Experian, Equifax na TransUnion, kupitia tovuti moja rasmi, AnnualCreditReport.com. Pembeni yake zilikuwapo tovuti za majina yanayofanana ambazo ripoti zake zilikuja na uanachama wa kulipia. Mwaka 2005 tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, iliifikisha kampuni tanzu ya Experian kwenye makubaliano ya kulipa dola 950,000, kwa madai kwamba haikuwaeleza watu vya kutosha kuwa wasipojitoa ndani ya siku 30 wangekatwa dola 79.95. Baadaye, kuanzia 2010, matangazo ya aina hiyo yalilazimishwa kuwa na tamko la wazi linalomwelekeza mtu kwenye tovuti rasmi. Tamko hilo linawalinda walio kule. Tangazo lililoelekezwa kwa msomaji wa Nairobi halina sababu ya kulibeba, na nadhani ndiyo maana tunayaona huku.

Dada wa Umoja

Asanteni sana. Benki imezuia malipo na imepokea fomu pamoja na picha. Karani alisema maneno yaleyale aliyoyatabiri Mzee Mstaafu, nami nikaomba namba ya kumbukumbu, akainyamazia hoja yake. Sacco nayo imekubali kuichukua ripoti yenyewe. Limebaki la picha ya kitambulisho changu iliyo mikononi mwa wenye ile tovuti.

Karani wa Mikopo

Waandikie ukitaka waifute, ukitaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inamgusa hata aliye nje ya Kenya ikiwa anashughulikia data za mtu aliye nchini. Wasipojibu, lalamika kwa Kamishna wa Data. Na mkopo wako ukishatoka, iombe ile ripoti yako ya bure mwenyewe uone kama kuna mkopo uliochukuliwa kwa jina lako bila wewe kujua.