Naomba ushauri: insha za kushawishi darasa la tano

Shikamooni wakubwa, na habari za kazi walimu wenzangu. Nafundisha Kiswahili darasa la tano hapa Ilemela, Mwanza, nikiwa na wanafunzi 84. Wakisimulia habari za mwalo wa Kirumba, dagaa walioanikwa na magugumaji yanayozuia mitumbwi, wanasimulia vizuri mno. Lakini nikiwataka waandike barua ya kumshawishi mvuvi aache kuvua kwa kokoro, yaani wavu wa kukokota uliopigwa marufuku, karibu wote huandika "Uvuvi haramu ni mbaya", kisha huirudia sentensi hiyo hadi mwisho wa ukurasa. Nimejaribu mdahalo, nao uliwachangamsha sana, ila hoja zile nzuri hazikufika kwenye daftari. Je, niwafundisheje kuitetea hoja kwa sababu na mfano? Na nisahihishe vipi kazi nyingi hivyo bila kuwavunja moyo?