Naombeni ushauri: nawezaje kuielekeza akili mnemba ifanye kazi ya uwakili ikaeleweka?

mtetezi_wa_ziwa

Wakuu, habari za majukumu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Mimi ni wakili, sina muda mrefu tangu niapishwe, niko Mwanza kwenye ofisi ndogo. Bosi amelipia akili mnemba na kauli yake ni moja tu: "Tumieni, hela imeshatoka." Shida ni majibu ninayoyapata. Yanapendeza kuyasoma, lakini ukiyakamua hayatoi kitu. Nikiandika "nieleze haki za mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali" naletewa insha ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Sasa hivi mezani nina faili la mama mmoja, karani wa ghala, kaachishwa kazi. Kaja kwetu siku 30 za kupeleka mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) zimeshapita. Kabla hatujaanza kugombania haki yake inabidi tuombe kuongezewa muda, na kiapo chake kieleze kwa nini kachelewa. Nikaiomba mashine iniandalie kiapo. Ikashusha kiapo safi kabisa, mpaka na ugonjwa na kulazwa hospitali. Mama wa watu hajaugua hata mafua! Nimekiweka kando.

Nyie wenzangu mnaoitumia kila siku, huwa mnaiandikia nini hasa? Na ni kazi zipi mnaipa, zipi hamthubutu? Nawasilisha.

Mtazamaji Tu

Nimekaa pale nasubiri wajuzi. Ila hilo la kulazwa hospitali limenivunja mbavu.

Babu wa Masjala

Wakili msomi, karibu sana. Hapo hujaipa kazi, umeipa mada. Ukiipa mada inakupa insha, na ukiiomba kiapo bila kuipa maelezo ya mteja inajaza yenyewe, kwa sababu viapo vingi vya namna hiyo ilivyowahi kusoma vina ugonjwa ndani yake.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa sheria za kazi lazima mliangalie. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imefanana sana na ya Afrika Kusini, na maandishi ya Afrika Kusini mtandaoni ni mengi kuliko yetu. Kwa hiyo mashine inateleza kwenda kwao bila kukuaga. Ukiona imeandika CCMA, ambayo ni tume yao, badala ya CMA, ujue umeshavuka mto Limpopo. Bahati mbaya kwao nako siku za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi ni 30, kwa hiyo hapo hushtuki. Nenda kwenye fidia sasa: kwao sheria inasema isizidi mishahara ya miezi 12, wakati kifungu chetu kilivyotungwa 2004 kilisema isipungue miezi 12. Kwao 12 ni dari, kwetu ilikuwa sakafu! Mteja wako anaweza kupunjwa na sentensi moja iliyoandikwa kwa ufasaha. (Na hicho kifungu ukisome pamoja na marekebisho ya 2025, usiichukue kauli yangu ya hapa jukwaani.)

Kwenye madai ya kawaida inakimbilia India, maana Sheria yetu ya Mikataba na ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai zina damu ya huko. Iulize ukomo wa kudai kwa kuvunjwa mkataba, kuna siku itakwambia miaka 3. Hiyo ni ya India. Kwetu ni 6.

Ndiyo maana mimi siiulizi sheria. Sheria naibandika mwenyewe. Naingia TanzLII, ile tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, nachukua kanuni na uamuzi ninaotaka, naviweka pale, halafu naiambia ifanye kazi juu ya hivyo tu. Kwa faili lako mimi ningeandika hivi:

"Wewe ni msaidizi wa wakili wa Tanzania Bara. Hapa chini kuna vitu vitatu. A ni maelezo ya mteja kama alivyoyatoa. B ni Kanuni ya 10 na ya 11 za GN (Tangazo la Serikali) Na. 64 ya 2007, zinazohusu usuluhishi na uamuzi CMA. C ni uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika Lyamuya Construction, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010. Tumia hivi vitatu tu. Usitaje kesi wala kifungu ambacho hakimo humu. Tengeneza jedwali la tarehe zote kuanzia barua ya kuachishwa kazi mpaka leo: tarehe, kilichotokea, sentensi ya mteja inayokisema, na nyaraka ya kukithibitisha. Mahali ambapo siku hazina maelezo andika PENGO. Usizibe pengo lolote kwa kubuni. Mwisho, niandikie maswali ya kumuuliza mteja kuhusu kila pengo. Usiandike kiapo bado."

Lyamuya unaifahamu: ueleze ucheleweshaji wote, usiwe wa kupitiliza, uonyeshe ulikuwa makini na si mzembe, na kama kuna sababu nyingine nzito kama uharamu wa uamuzi unaopingwa, uiseme. Na kesi ya Bushiri Hassan dhidi ya Latifa Lukio Mashayo imeshatuambia kwamba hata siku moja ya kuchelewa inahitaji maelezo. Kazi ya kuhesabu siku ndiyo inayotuchosha sisi binadamu, saa tano usiku macho yameshaona ukungu. Hapo mashine inafaa. Ila tarehe zihakiki kwa kalenda ya ukutani, hesabu za siku nazo huwa zinaiponyoka.

mtetezi_wa_ziwa

Shikamoo mzee. Hiyo sentensi ya mwisho, "usiandike kiapo bado", ndiyo sikuwahi kuifikiria.

Babu wa Masjala

Marahaba. Ukiipa ruhusa ya kuandika kabla haijachambua, inaandika ili ikufurahishe.

Hakimu Mstaafu wa Mtaani

Mimi nawatazama tu vijana. New York mwaka 2023, kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mawakili walipeleka mahakamani kesi 6 ambazo hazijawahi kuwepo duniani. Kilichonichosha zaidi ni kwamba wakili alipopata wasiwasi aliiuliza ChatGPT yenyewe kama zile kesi ni za kweli, ikamjibu ndiyo! Jaji Castel akawapiga faini ya dola 5,000. Mwanzoni mwa 2025 ikawa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, shauri la Mavundla: kesi 9 zimenukuliwa, jaji anatafuta anakuta 2 tu ndizo zipo. Leo mnafundishana namna ya kuibembeleza. Someni vitabu.

Dada Mikataba

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hao hawakuponzwa na mashine. Waliponzwa na kutofungua hukumu. Hata zamani kuna watu walikuwa wananukuu kesi kwa kuichomoa kwenye mawasilisho ya mwenzao bila kuisoma.

Msishawishike pia na wanaouza zana za kisheria za bei kubwa wakisema "hii yetu haibuni". Watafiti wa Stanford walizipima zana kubwa za Marekani mwaka 2024, zile zilizounganishwa na maktaba halisi ya hukumu, wakakuta bado zinazusha kwenye swali moja kati ya sita, nyingine zaidi ya hapo. Na hizo ni za Marekani, ambako kila kitu kiko mtandaoni. Sasa linganisha na uamuzi wa Mahakama Kuu kanda ya Sumbawanga.

Mtoa mada, mimi niko kwenye mikataba, Dar. Ninachoipa ni mkataba wenyewe, tena kifungu kwa kifungu. "Soma mkataba huu kama wakili wa mpangaji. Nionyeshe kila mahali ambapo mwenye nyumba anaweza kufanya jambo bila kumtaarifu mpangaji. Nukuu maneno yenyewe na namba ya kifungu, usifupishe." Sharti la kunukuu neno kwa neno ni dhahabu, maana unabonyeza kutafuta kwenye mkataba, maneno yasipoonekana, imezua.

Lakini hakuna aliyegusia siri ya mteja. Yule mama usimbandike na jina lake, namba ya NIDA na jina la mwajiri. Kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023, na ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Hizo kompyuta zinazokujibu haziko Nyamagana. Halafu kuna siri ya wakili na mteja, hiyo ni ya mteja, si yako wala ya bosi wako. Mimi huandika Mfanyakazi M, Mwajiri K, mji naubadilisha, na ufunguo wa majina unabaki kwenye daftari. Angalia pia kwenye mipangilio kama mazungumzo yenu yanatumika kuifundisha, uzime. Mambo ya talaka na watoto siyapeleki kabisa, hata kwa majina ya kubuni.

Wakili wa Nakuru

Hamjambo ndugu wa huko chini. Huku kwetu tunaita akili unde, lakini vituko ni vilevile. Nayo hutuletea sheria za Uingereza kana kwamba uhuru haukupatikana.

Mimi naitumia zaidi kunishambulia. Nikimaliza kuandika hoja zangu, naiambia: "Wewe ni wakili wa upande wa pili, una miaka 20 kortini na hunipendi. Soma hoja hizi na unitajie mahali utakaponiangusha, ukianza na pale padhaifu zaidi. Usinisifu." Hilo la mwisho ni muhimu. Usipoliweka itaanza na aya mbili za kukupongeza. Pia hunisaidia kwa maswali ya kudodosa shahidi: naipa maelezo yake ya polisi na ushahidi wake wa kortini, inanitolea palipogongana, ukurasa kwa ukurasa.

kijana_wa_mfumo

Mimi si mwanasheria, ni fundi wa kompyuta, nimepita tu. Hukumu nyingi za zamani zilizopo mtandaoni ni picha za karatasi, si maandishi. Ukiipandishia PDF ya namna hiyo inaweza kusoma nusu na nusu ikakisia, wala haikwambii. Jaribu kuchagua mstari mmoja kwa kipanya. Ukigoma kuchagulika, hiyo ni picha. Igeuze kuwa maandishi kwanza. Na ukihama kutoka faili moja kwenda jingine fungua mazungumzo mapya, vinginevyo ukweli wa mteja wa jana unahamia kwa mteja wa leo.

Dada Mikataba

Fundi kaongea. Na kwa wale wa Bara: toleo la urekebu la sheria la 2023, yaani sheria zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake, lilianza kutumika Julai 2025, na namba za vifungu zimehama kwenye baadhi ya sheria. Mashine inakupa namba za zamani bila kupepesa macho. Namba ya kifungu uitoe kwenye toleo jipya kwa macho yako mwenyewe.

mtetezi_wa_ziwa

Wakuu nimerudi. Nimetumia maelekezo ya mzee wa Masjala, majina nimeyaficha kama alivyosema dada. Tofauti ni mbingu na ardhi. Imetoa jedwali, na katikati kuna PENGO la wiki mbili na ushee. Nikampigia mama, nikamuuliza yale maswali. Kumbe muda huo alikuwa amekata rufaa ya ndani kwa meneja mkuu, anasubiri jibu. Hakuitaja kwa sababu "ilikuwa ya huko huko kazini, sikudhani inahusu". Kwa hiyo sasa nina sababu ya kweli ya kuweka kwenye kiapo. Naanza kuandika.

Babu wa Masjala

Subiri kwanza, msomi. Rudi kwenye Kanuni ya 10 uliyoibandika, uisome wewe. Siku 30 zinahesabiwa tangu kuachishwa kazi, *au* tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kuachisha au wa kuthibitisha uamuzi wa kuachisha. Maelekezo yangu yaliiambia ihesabu kutoka kwenye barua, nayo ikatii. Wakati naandika hatukujua kuna rufaa ya ndani. Jibu la meneja mkuu lilitoka lini?

mtetezi_wa_ziwa

Duh. Anasema alipewa barua, tarehe haikumbuki. Ina maana huenda hatujachelewa kabisa?

Babu wa Masjala

Huenda. Inategemea tarehe, na kama utaratibu wa kazini kwao unaitambua hiyo rufaa. Hakikisha hayo kabla hujaomba kuongezewa muda, maana ukiomba umeshakiri kuwa umechelewa. Kama bado ziko ndani ya 30, huna siku ya kupoteza.

Hakimu Mstaafu wa Mtaani

Hapo sasa mnaongea sheria.

mtetezi_wa_ziwa

Nimempigia tena, anakuja ofisini kesho asubuhi na barua ya meneja.

Dada Mikataba

Aje na barua yenyewe na bahasha yake, si picha ya WhatsApp. Na kama alisaini daftari la kupokelea barua pale kazini, muulize liko kwa nani.